Bibi wa Nassa Aliyeitumikia Jumuiya Angani

Wasifu wa marehemu una kanuni zake, na asiyezijua ahudhurie misiba mitatu tu atazikariri. Huanza na mahali na mwaka wa kuzaliwa, hufuata shule, kisha ndoa, kisha idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, kisha ugonjwa, hospitali na saa ya kukata roho, na humalizikia kwa aya ya Kitabu cha Ayubu. Marehemu akiwa mwanamume, baina ya ndoa na ugonjwa huingizwa aya mbili tatu za vyeo na vituo vya kazi. Akiwa mwanamke, aya hizo hukunjwa zikawa mstari mmoja, na mara nyingine mstari huo nao husahauliwa.

Bibi yetu wa Nassa alipewa mstari wake: “Aliwahi kufanya kazi kwenye ndege.” Maneno matano. Msomaji akameza mate na kuendelea na orodha ya wajukuu. Sitaji jina la bibi huyu, kwanza kwa sababu familia haikupenda, na pili kwa sababu habari yake ni ya wanawake wengi wa rika lake. Ila maneno yale matano yamekaa kifuani mwangu kama mfupa wa sato, kwa sababu ninafundisha historia, na ninajua kilichofungiwa ndani yake: kuzaliwa, kustawi na kufa kwa Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, pamoja na deni ambalo serikali zetu zilichukua takriban miaka 30 kukubali kulilipa.

Tuanze na Nassa yenyewe. Iko ukingoni mwa Ghuba ya Speke, kando ya barabara iendayo Musoma kutoka Mwanza. Leo imo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, vyote viwili vilivyoanzishwa mwaka 2012; kabla ya hapo ilihesabiwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza; na bibi alipozaliwa, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, ilikuwa Jimbo la Ziwa la Tanganyika ya Waingereza. Mtu aliweza kuishi mikoa mitatu pasipo kuhama boma lake. Ni nchi ya pamba, samaki na misheni. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walitangulia kufika, na mwaka 1909 kituo chao kikakabidhiwa kwa misheni ya AIM, iliyozaa kanisa ambalo leo tunaliita AIC. Shule ya misheni ilimpa bibi herufi na Kiingereza cha kwanza. Pamba ya baba yake ndiyo iliyomlipia ada. Baba huyo aliuza pamba yake kwa chama cha msingi katika miaka ile ambayo Paul Bomani na wenzake waliunganisha vyama vya wakulima vya Kanda ya Ziwa kuwa shirikisho la Victoria, mwaka 1955. Wanaoandika historia ya ushirika hupenda kuhesabu marobota. Ningependa siku moja mwanafunzi wangu ahesabu wasichana waliosomeshwa na marobota hayo.

Nyumbani aliitwa kwa jina la baba yake, ng'wana fulani, kama ilivyo desturi ya Wasukuma. Alipojifungua akawa mama fulani, na alipopata wajukuu akawa bibi fulani. Miaka aliyokuwa angani ndiyo pekee ambayo alivaa kifuani beji yenye jina lake mwenyewe. Nilimwuliza siku moja kitu gani alikipenda zaidi katika kazi ile, nikitegemea aseme London. Akasema beji.

Kazi yenyewe ina historia ambayo wengi wetu hatuijui, ndiyo maana twaidharau. Wahudumu wa kwanza wa ndege duniani walikuwa wanaume. Mwaka 1930 muuguzi mmoja wa Marekani, Ellen Church, alilishawishi shirika la Boeing Air Transport limwajiri yeye na wauguzi wenzake saba, kwa hoja kwamba abiria waoga watatulia wakimwona muuguzi. Hivyo mwanamke aliingia katika kazi hii akiwa mtaalamu wa afya. Lakini masharti aliyowekewa yalikuwa ya mapambo: asiwe ameolewa, asizidi miaka 25, asizidi uzito fulani. Kwa miongo mingi mashirika mengi duniani yaliendelea kumfukuza mhudumu kwa kosa la kuolewa au kunenepa, mpaka mahakama za Marekani zilipoanza kuyabana katika miaka ya 1960 na 1970. Na rangi ya ngozi ilikuwa sharti lisiloandikwa. Huko huko Marekani, Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya kazi hiyo, Ruth Carol Taylor, aliruka safari yake ya kwanza mwaka 1958 tu.

Huku kwetu, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 na ndege ndogo 6 zenye mabawa mawili-mawili, kwa ajili ya kuwahudumia maofisa, walowezi na wafanyabiashara. Mwafrika aliiona ndege kwa kuinua shingo. Mwaka 1960 shirika likapata ndege za Comet za kwenda London, na kuanzia mwaka 1966 zikaja Super VC10. Uhuru ulikuwa umeshapatikana, na nchi tatu zenye bendera mpya hazingeweza kutua Ulaya na ndege isiyo na uso wa Kiafrika ndani yake. Ndipo binti wa mkulima wa pamba kutoka Nassa akafanyiwa usaili. Alisema waliomhoji walimwuliza maswali machache ya jiografia na mengi ya kutembea: atembee aende, atembee arudi. Alitembea kama mtu aliyezoea kubeba ndoo ya maji kutoka ziwani, na hilo, kwa maneno yake, ndilo lililompatia kazi.

Hapa naomba msomaji akumbuke mwaka. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala Juni 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kubadili ngozi. Wasichana wa Dar es Salaam walisumbuliwa mitaani na vituoni kwa sababu ya urefu wa nguo. Msichana wa ndegeni aliishi baina ya macho mawili: mwajiri aliyetaka apendeze kwa wageni, na taifa lililomshuku kwa kupendeza huko. Bibi alitembea na khanga mkobani. Akishuka uwanjani hujifunga juu ya sare, akapanda gari kwenda mjini kama mama aliyetoka sokoni. Khanga hiyo hiyo, alisema, ilimfaa pia kufunikia watoto wa abiria waliotapika.

Neno “ea hostesi” lilibeba kejeli na bado linaibeba. Kwa wengi lilimaanisha msichana mrembo anayegawa soda. Lakini nendeni mkasome kanuni za usafiri wa anga mtaona soda ni jambo la ziada. Mhudumu amewekwa ndegeni ili kuwatoa watu. Kipimo ambacho viwanda vya ndege kubwa vinapaswa kukifikia ni kuitoa ndege iliyojaa watu wote ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haifunguki. Anayesimamia sekunde hizo ni yule mgawa soda.

Tarehe 18 Aprili 1972 Super VC10 ya shirika letu, yenye usajili 5X-UVA, ilikuwa Addis Ababa ikitoka Nairobi, safarini kwenda Roma na London. Ilipokuwa ikikimbia ili iruke, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma na tairi likapasuka. Marubani wakaamua kusimama. Breki hazikushika kikamilifu, kwa kasoro iliyotokana na matengenezo. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaanguka na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwemo, 43 walikufa. Nawaomba mtazame hesabu ya ndani ya hesabu hiyo: wafanyakazi wa ndege walikuwa 11, waliokufa ni 8. Katika abiria alikufa takriban mmoja kati ya watatu. Katika wafanyakazi karibu watatu kati ya wanne. Bibi hakuwa zamu. Aliwajua. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, palikuwa na siku moja ambayo hakupika, na sisi wajukuu tulidhani ni mfungo wa kanisa.

Usajili ule, 5X, ulikuwa wa Uganda. Super VC10 tano za shirika ziligawanywa kwa herufi: nyingine 5H za Tanzania, nyingine 5Y za Kenya, ingawa zote ziliruka chini ya jina moja na makao makuu yalikuwa Nairobi. Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na tangu hapo Mamlaka ya Jumuiya, yaani kikao cha marais watatu, haikukutana tena hata mara moja. Vitabu vyetu husimulia miaka sita iliyofuata kama kipindi cha kukata roho. Kwa marais ni kweli. Lakini katika miaka hiyo hiyo, usiku baada ya usiku, Mganda, Mkenya na Mtanzania waliendelea kuvaa sare moja, kufunga mlango mmoja, kulala hoteli moja na kugawana zamu za Krismasi. Jumuiya iliyoshindikana mezani iliendelea kufanya kazi kwenye ujia wa ndege wenye upana usiozidi hatua moja. Bibi alizungumza Kiganda cha kutosha kugombana, na Kikikuyu cha kutosha kupatanishwa. Ninapowasikia wataalamu wakieleza kwamba Jumuiya ya kwanza ilikufa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa, hukubali nusu. Maelfu ya wananchi walikuwa wakiifanya kila siku, katika reli, bandari, posta na ndege. Hao hawakuulizwa ilipofika siku ya kuivunja.

Siku hiyo ilifika mapema mwaka 1977. Ugomvi wa madeni na mgawanyo wa mapato uliziacha ndege chini. Kenya ikaanzisha shirika lake, Tanzania ikaufunga mpaka Februari mwaka huo, na mpaka ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Bibi alirudi na sanduku moja. Samani, redio ya upepo, cherehani na rafiki zake walibaki Nairobi. Machi 1977 likaundwa Shirika la Ndege Tanzania, ATC, na yeye akawa miongoni mwa waliolianza, wakiwa na uzoefu mwingi kuliko vifaa. Twiga akachorwa mkiani mwa ndege. Akaolewa, akazaa, akaendelea kuruka. Alikuwa na msemo wake kwamba ndege ina adabu kuliko mume, kwani hukutangazia kabla ya kutikisika.

Sasa deni. Mgawanyo wa mali za Jumuiya ulimchukua msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, miaka sita na zaidi, mpaka makubaliano yakatiwa saini Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Kila nchi ilibeba jukumu la kuwalipa mafao raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya. Watumishi wa umma mnaonisoma mnajua tofauti baina ya kubeba jukumu na kulipa. Wastaafu wa Tanzania walizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, wakafungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, wakafikia makubaliano na Serikali Septemba 2005, na hata baada ya hapo wengi wakaendelea kulalamika kuwa walichopewa kilipunjwa. Walikuwa zaidi ya 31,000. Wazee wenye mvi waliziba barabara za katikati ya Dar es Salaam, na vijana waliokuwa kwenye daladala wakapiga honi wakidhani ni wazee waliopotea.

Kudai kulihitaji karatasi: barua ya ajira, hati ya mshahara, namba ya mtumishi. Na hapa mwanamke aliumia mara mbili. Aliyeajiriwa kwa jina la baba na kustaafu kwa jina la mume alipaswa kuthibitisha dirishani kwamba wanawake hao wawili ni mtu mmoja. Bibi alikuwa na majina matatu katika karatasi nne. Ofisa mmoja kijana, katika ofisi ambayo sitaitaja, alimwambia alete mtu anayemfahamu tangu akiwa kazini. Akajibu kwamba wanaomfahamu tangu kazini wako Kampala, Nairobi na makaburini, na kwamba serikali ndiyo iliyofunga barabara ya kwenda kwa wa kwanza na wa pili. Alilipwa hatimaye. Alinunua bati za nyumba ya Nassa na ng'ombe wawili, na akasema amelipwa kwa kipimo cha mifugo.

Huwa nawaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wasiridhike na nyaraka za wizara peke yake wanapoandika juu ya Jumuiya. Shirika lililovunjwa mafaili yake hutawanyika pamoja na mali zake. Historia ya reli imeandikwa, kwa kuwa reli ina wahandisi, vyama vya wafanyakazi na migomo. Historia ya wanawake wa ndegeni imebaki katika albamu za picha chini ya vitanda vya mabibi, na albamu hizo huliwa na mchwa au huchanwa siku ya arobaini, wajukuu wanapogawana vitu. Ni utafiti usiohitaji viza wala ruzuku kubwa. Unahitaji nauli ya basi na subira ya kukaa jikoni.

Tazameni pia jinsi kumbukumbu ya umma inavyochagua. Tarehe 26 Februari 1982 Boeing 737 ya ATC ilitekwa ikiwa safarini kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Vijana wa Kitanzania walioiteka walidai Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ndege ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, na mwishowe uwanja wa Stansted karibu na London, ambako walijisalimisha tarehe 28. Tunakumbuka watekaji, tunakumbuka kwamba Oscar Kambona, aliyekuwa akiishi uhamishoni, aliitwa kuzungumza nao. Ni nani kati yetu awezaye kutaja jina la mhudumu mmoja aliyezunguka na maji ya kunywa katika ndege ile, akiwatuliza watoto wa watu wa Kanda ya Ziwa waliokuwa wakienda Dar es Salaam wakajikuta Uingereza?

Miaka 40 baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia Bukoba. Watu 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili, 24 walipona. Taifa lilimpa heshima kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyewahi kufika kuokoa, na alistahili. Bibi aliifuatilia habari ile redioni siku nzima, kiti chake kikiwa kimeelekezwa ziwani. Swali lake lilikuwa moja, alilirudia kwa kila aliyepita: wahudumu je? Alipoambiwa wahudumu wawili wa ndani ya ndege wamepona, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, “Basi kuna mlango ulifunguliwa.” Hakuna aliyemwelewa siku ile. Nadhani alimaanisha kwamba mtu aliyefunzwa akibaki hai ndani ya ndege iliyojaa maji, hatakuwa amekaa bure.

Alistaafu ATC kabla ya mauzo na misukosuko iliyofuata: Waafrika Kusini kununua asilimia 49 mwaka 2002, ndoa hiyo kuvunjika mwaka 2006, ndege mpya kuanza kuwasili mwaka 2016. Aliyatazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupanga. Nassa ilimpokea kwa mashaka kidogo, kwa kuwa alirudi na mazoea ya kigeni: alikunywa chai bila sukari, na alitaka mlango wa nyuma wa kila chumba usiwekewe gunia. Kwa wajukuu alikuwa bibi kama bibi wengine. Alitutania, wavulana akatuita waume zake na wasichana wake wenza, kama utani wa bibi na mjukuu unavyotaka. Alitufundisha kubeba sinia lenye vikombe vinane bila kutazama chini. Wakati wa kula ugali alisimama mlangoni, akanyoosha mikono miwili mbele kisha pembeni, na kutangaza kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba tumefika kwenye mchuzi na wote wakae chini. Vitukuu waliozaliwa enzi za simu za kisasa walikuwa wakicheka mpaka matonge yanawadondoka.

Kila alipopanda basi la Mwanza pale barabarani, hakuketi kabla ya kuuliza dirisha la dharura ni lipi na nyundo ya kuvunjia kioo iko wapi. Makondakta wa njia ile walimzoea. Mmoja wao, akimwona kwa mbali na mkoba wake, alikuwa akimwita “Rubani,” na bibi alimsahihisha kila mara, akitaja cheo chake kamili cha kazi, kwa Kiingereza, na jina lake la kwanza.